Makombo kwa nguruwe: kuchambua, kuchemsha na kulisha bila kuingiza homa bandani

Ndoo ya makombo inayotoka kwenye baa ya kitimoto haifanani na ndoo inayotoka kwa mama lishe anayepika wali na maharage, hata kama zote mbili zimebebwa na bodaboda mmoja na zinanuka sawa. Ya kwanza ina mifupa ya nguruwe, vipande vya ngozi vilivyokatwa kabla nyama haijakaangwa, pengine na maji yaliyooshea ubao wa kukatia. Nguruwe yule alichinjwa wapi, na mwenyewe alikuwa na haraka gani ya kumuuza? Homa ya nguruwe ikiingia mtaani, wafugaji wengi hukimbilia kuuza wanyama kabla hawajafa. Nyama inaingia baa, mabaki yake yanatoka baa, na jioni yake yako kwenye hori la mfugaji mwingine ambaye aliyapata kwa bei ya kutupa.

Mzunguko huo unakatwa mahali pawili, kwenye kuchambua na kwenye pipa la kuchemshia. Pa tatu ndipo panaposahaulika, nako ni kwenye ndoo yenyewe. Wapo wanaochemsha vizuri kabisa, kisha wanarudishia chakula kilichoiva kwenye ndoo ileile iliyoleta makombo mabichi.

Nini kinasafiri ndani ya makombo

Ugonjwa wa kuogopwa kuliko yote huku kwetu ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na Afrika Mashariki haijawahi kuachana nao. Porini virusi vyake hukaa kwa ngiri na kwa papasi wanaoishi mashimoni mwao. Mijini havihitaji ngiri wala papasi, maana vinapita kwa nguruwe anayeumwa, kwa nyama, kwa damu, kwa viatu na kwa vyombo. Haumwambukizi binadamu, na hapo ndipo penye mtego: mtu anakula nyama ya nguruwe mgonjwa, anaamka salama, na hana sababu ya kuyatilia shaka mabaki yaliyobaki kwenye sahani.

Virusi hivi havisumbuliwi na friji. Kwenye nyama iliyogandishwa vinaweza kudumu kwa miaka, na kwenye nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa, kwa miezi. Moto ndio unaoviua, tena bila shida sana, kwani nyuzi joto 60 kwa dakika 20 zinatosha kuvimaliza kwenye maabara. Tatizo ni kwamba pipa la makombo si maabara, na tutalirudia hilo.

Mwaka 1957 homa hii ilivuka kwenda Ureno, kwa nguruwe waliokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon na kulishwa mabaki ya chakula cha ndege. Mwaka 2007 ikaibuka Georgia, jirani na bandari ya Poti, ikiwa na virusi vya aina inayopatikana kusini-mashariki mwa Afrika, na wataalamu wanaamini vilishuka na taka za meli. Kutoka hapo ikasambaa Urusi, Ulaya Mashariki, na mwaka 2018 ikafika China.

Ugonjwa wa miguu na midomo nao hupita njia hiyohiyo. Mwaka 2000 uliingia Afrika Kusini kupitia nguruwe wa Camperdown, KwaZulu-Natal, waliolishwa makombo ya meli za bandari ya Durban. Mwaka uliofuata ukalipuka Uingereza, na uchunguzi ukaelekeza kwenye shamba la Heddon-on-the-Wall lililolisha nguruwe makombo ambayo hayakuchemshwa. Zaidi ya wanyama milioni 6 walichinjwa kuuzima. Nguruwe mwenye ugonjwa huu hutoa virusi vingi mno kwa pumzi yake, kwa hiyo mfupa wa ng'ombe uliolishwa mbichi kwenye banda lako unaweza kuishia kuumiza ng'ombe wa jirani yako.

Kuna pia salmonela, na minyoo ya trikinela inayokaa ndani ya misuli. Hao moto unawamaliza. Kimeta ni habari nyingine. Vijidudu vyake hujifunga kwenye ganda gumu linalohimili kuchemka kwa kawaida, na ndiyo sababu mzoga wa ng'ombe, mbuzi au kuku aliyekufa mwenyewe hauingii kwenye pipa la makombo hata ukikusudia kuuchemsha kutwa.

Sheria kabla ya ndoo ya kwanza

Nchi zimechukua njia tofauti. Uingereza ilipiga marufuku kulisha makombo mwaka 2001, na Umoja wa Ulaya ukafuata. Kule hata ganda la kiazi lililopita jikoni kwako haliruhusiwi kupewa nguruwe, kwa sababu jikoni hapohapo hupita nyama. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1980, makombo yenye nyama yanalishwa kwa leseni tu, tena baada ya kuchemshwa dakika 30. Baadhi ya majimbo yameyakataza kabisa. Kipimo cha Shirika la Afya ya Wanyama Duniani cha kuua virusi vya homa ya nguruwe kwenye makombo ni nyuzi 90 kwa dakika 60 mfululizo, huku yakikorogwa. Sisi tunashauri kipimo hiki kifuatwe na kila mfugaji asiyeweza kuacha makombo yenye nyama.

Tanzania msingi ni Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003, na Kenya ni Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364. Zote zinamtaka mwenye mifugo atoe taarifa anaposhuku ugonjwa wa kutolewa taarifa, na homa ya nguruwe ni mmojawapo. Kabla hujakubaliana na hoteli yoyote, nenda kwa afisa mifugo wa kata umuulize mambo matatu: sheria ndogo za halmashauri zinasemaje juu ya nguruwe na makombo mahali ulipo, kuna karantini yoyote sasa hivi, na kibali cha kusafirisha nguruwe kinatolewa wapi. Jibu la swali la pili hubadilika, kwa hiyo rudi uliulize tena kila unaposikia vifo. Karantini ikitangazwa, simamisha makombo yote ya hotelini siku hiyohiyo, hata yale unayochemsha.

Hatua ya 1: Chagua chanzo

Makombo bora ni yale ambayo hayajapita jikoni. Soko kama Mabibo, Dar es Salaam, hutoa ndizi zilizoiva kupita kiasi, maembe, majani ya nje ya kabichi na matikiti kila siku, na hayo hayahitaji kuchemshwa iwapo yamekusanywa kwenye vizimba vya matunda na mboga, mbali na kona ya samaki na bucha. Machicha ya bia yako kwenye kundi hilihili, na vilevile pumba na mashudu.

Kundi la pili ni mikahawa isiyopika nguruwe. Chemsha. Kundi la tatu ni hoteli na baa zinazouza kitimoto, na ushauri wetu juu yake ni mmoja: yaache. Faida ya ndoo mbili za bure kwa siku hailingani na kupoteza jike la kuzaa pamoja na wanawe kumi. Ukiamua kuchukua hata hivyo, chukua kwa sharti kwamba mabaki mabichi ya bucha, damu na maji ya kuoshea nyama havimwagwi ndani ya ndoo yako kamwe, na uwape chombo chao cha kutupia hayo. Mpishi hatakumbuka sharti lako usipomwachia chombo.

Taka za meli, ndege na mabasi ya masafa usiziguse. Damu ya machinjio ya nguruwe pia usiiguse.

Andika daftari: tarehe, chanzo, ndoo ngapi. Homa ya nguruwe huchukua kati ya siku 4 na 19 kujitokeza baada ya maambukizi. Nguruwe akianguka leo, ndoo ya kuishuku inaweza kuwa ya wiki mbili na nusu zilizopita, na bila daftari hakuna atakayeikumbuka.

Hatua ya 2: Tenganisha pachafu na pasafi

Fanya hivi kabla ya kununua kuni. Panga eneo ili makombo mabichi yaingie upande mmoja, yapite kwenye pipa la moto, na chakula kilichoiva kitokee upande wa pili, ulipo mlango wa banda. Mahali pa kupokelea na kuchambulia pawe angalau hatua 20 kutoka bandani, na mteremko wa maji ya mvua usielekee kwa nguruwe. Sakafu ya zege ni bora. Kama ni udongo, weka meza ya mabati.

Vyombo viwe vya rangi mbili. Chukua ndoo nyekundu kwa makombo mabichi na za kijani kwa chakula kilichoiva, na usikubali zibadilishane kazi hata siku moja, hata ile nyekundu ikisuguliwa kwa sabuni. Mwiko ubaki ndani ya pipa tangu mwanzo wa kuchemsha mpaka mwisho, ili nao uive. Anayechambua avae buti za mpira na ovaroli zinazobaki upande huo. Kama ni mtu mmoja anayefanya yote, basi alishe kwanza asubuhi, achambue baadaye, kisha anawe na kubadili nguo kabla ya kurudi bandani.

Funika kila kitu. Kunguru, paka, mbwa na panya hubeba mfupa kutoka kwenye ndoo nyekundu hadi ndani ya hori, na kazi yako yote inakuwa bure.

Hatua ya 3: Chambua

Mwaga ndoo juu ya meza, usiingize mkono ndani yake. Vioo na vijiti vya kuchokolea meno vipo karibu kila siku. Toa nailoni, vizibo vya chupa, foili, vifungashio na mifupa yote. Mifupa ya kuku hupasuka vipande vyenye ncha, na mfupa mkubwa wa ng'ombe hukaa na ubaridi ndani wakati supu inachemka nje. Nyama yote unayoiona itoe pia na uizike pamoja na mifupa, kwenye shimo lenye mfuniko ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Chochote chenye ukungu kinatupwa chote. Usikate sehemu yenye ukungu ukabakiza iliyobaki.

Vipande vikubwa, kama bonge la ugali au kiazi kizima, vikate visizidi urefu wa kidole gumba. Ugali ni mjanja kuliko vyote: bonge lenye ukubwa wa ngumi linaweza kukaa kwenye maji yanayochemka na katikati likabaki vuguvugu.

Hatua ya 4: Chemsha

Kwa pipa la chuma la lita 200, weka makombo yaliyochambuliwa lita 100 hadi 110 na maji lita 40. Usijaze zaidi ya robo tatu, kwani mchanganyiko hufura na kumwagika, na ukimwagikia upande wa pasafi umeleta uchafu pale. Weka pipa juu ya mafiga ya matofali ili moto uzunguke pande zote, na sehemu ya upepo uizibe kwa bati.

Muda hauhesabiwi tangu uwashe moto. Hesabu tangu pipa zima lichemke, kisha endelea dakika 60 kamili. Uji mzito hutoa mapovu pembezoni huku katikati pakiwa bado vuguvugu, na mafuta yanayotanda juu hukufanya uone kimya ambacho hakipo au mchemko ambao haujaenea. Koroga kuanzia chini kwenda juu kila baada ya dakika 5. Kama mwiko unashindwa kuzunguka, ongeza maji lita 10 na usubiri lichemke upya kabla ya kuendelea kuhesabu.

Nunua kipimajoto chenye sindano ndefu. Kichome katikati ya pipa, si kwenye ukuta wake, mara tatu: mwanzo wa saa, katikati na mwisho. Kikisoma chini ya 90 wakati wowote, saa inaanza upya. Wa nyanda za juu wasishtuke kwamba pipa lao halifiki 100. Maji hupoteza karibu nyuzi 1 ya mchemko kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo Njombe, karibu na mita 2,000, yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Bado uko juu ya 90, ila nafasi ya kukosea ni nyembamba, na moto ukilegea kidogo tu umeanguka chini.

Kwa nini nyuzi 90 kwa saa nzima wakati virusi hufa kwenye 60? Ni kwa ajili ya kile ambacho hukukiona: kipande cha ngozi chenye mafuta, mfupa mdogo uliokupita machoni, tonge lililojikunja. Saa moja ni muda wa joto kufika ndani ya vitu hivyo. Ukiipunguza mpaka nusu saa kwa sababu kuni zimepanda bei, unachopunguza ni uhakika huo.

Hatua ya 5: Poza, changanya, lisha

Teka kwa ndoo ya kijani tu, mwaga kwenye beseni pana lililofunikwa kwa neti, na ulishe kikipoa kiasi cha kustahimilika mkononi. Kilishe siku hiyohiyo. Chakula kilichoiva kikilala kwenye joto la Pwani kinachacha, na sumu zinazotengenezwa na bakteria humo baadhi hazitoki kwa kukipasha tena.

Makombo ni maji kwa sehemu kubwa, mara nyingi robo tatu, na yaliyobaki ni wanga na mafuta. Nguruwe wa kilo 50 anahitaji kama kilo 2 za chakula kikavu kwa siku; ukimpa makombo peke yake atashiba tumbo na kukonda. Mpe makombo kilo 4, ambayo ni sawa na kilo 1 kavu, pamoja na kilo 1 ya mchanganyiko huu: pumba ya mahindi gramu 500, mashudu ya alizeti gramu 400, dagaa wakavu wa kusaga gramu 100, na juu yake chokaa ya mifugo gramu 15. Chumvi usiongeze. Vitoto vilivyoachishwa karibuni na jike anayenyonyesha wasipewe makombo kama chakula kikuu, kwani tumbo la kitoto huharisha haraka na maziwa ya mama hupungua.

Anza kidogokidogo kwa wiki moja. Kilichobaki horini baada ya saa mbili kiondoe, kwani hori linalolala na mabaki huita panya.

Yale ambayo moto hauyaponyi

Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Watu walikufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa kula mahindi yenye sumu hii, na mahindi hayo yalikuwa yamepikwa. Kwa nguruwe dalili ni kudumaa, ini kuharibika na mimba kutoka.

Chumvi nayo hubaki ilivyo. Supu za hoteli, maji ya kulowekea samaki wa chumvi na viazi vya kukaanga vikilundikana siku ambayo bomba halitoi maji, nguruwe hupigwa na sumu ya chumvi: anazunguka kama kipofu, anabonyeza kichwa ukutani, anaanguka kwa degedege. Maji safi yawepo saa zote. Yakiwa yamekatika na nguruwe wana kiu kali, wapewe kidogokidogo mara nyingi, kwani maji mengi kwa mara moja huvimbisha ubongo.

Maganda ya mihogo michungu yana sianidi. Yakatekate na uyaanike juani mpaka yavunjike mkononi. Viazi vyenye kijani na vilivyochipua vitupe.

Nguruwe akigoma kula

Pima joto kwanza. Nguruwe mwenye nyuzi 40.5 hadi 42, aliyelala akiwa amelundikana na wenzake, mwenye masikio, tumbo na miguu ya rangi nyekundu inayogeuka zambarau, anayetapika au kuharisha damu, tayari ametosha kukufanya usimamishe kila kitu. Wakati mwingine dalili ya kwanza ni mzoga asubuhi. Magonjwa mengine ya nguruwe hufanana sana na hili, na maabara ndiyo inayoamua, si jicho wala mtu wa dawa. Dawa ya kutibu haipo. Sindano za antibiotiki zinazouzwa kwa ahadi ya kuponya homa hii zinapoteza fedha, na sindano moja inayopita nguruwe hadi nguruwe inamaliza banda.

Piga simu kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Asitoke nguruwe, nyama, samadi wala ndoo. Usimchinje mgonjwa na usimpasue aliyekufa, maana damu yake ndiyo yenye virusi vingi zaidi; sampuli atachukua mtaalamu. Waambie wenye vyanzo vyako vya makombo na wafugaji wanaochota hapohapo. Ni simu ngumu kuipiga, lakini bila simu hiyo ndoo ileile itakuwa njiani kwa mwingine kesho asubuhi.

Mizoga huzikwa au kuchomwa mahali anapoelekeza afisa, mbali na kisima, kwenye shimo la mita 2 au zaidi, na juu yake udongo usiopungua mita 1. Kisha kwangua samadi yote kwanza, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Osha kwa sabuni, acha ikauke, halafu mwagia kostiki soda ya asilimia 2, yaani gramu 200 kwa lita 10 za maji, uiache angalau dakika 30. Vaa glavu za mpira na miwani. Soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji polepole. Ukimwaga maji juu ya soda yatakurukia usoni. Vyombo vya mbao, kamba na mwiko wa zamani vichome, kwani havisafishiki.

Ukimaliza, banda likae tupu siku zisizopungua 40. Baada ya hapo ingiza nguruwe wachache wa majaribio, kama mmoja kwa kila kumi ambao banda hubeba, wazungushe kwenye vyumba vyote, wape chakula kikavu tu, na uwaangalie kila siku kwa wiki 6. Wote wakiwa wazima mwisho wa wiki ya sita, na afisa mifugo ameondoa karantini, jaza banda.